Kuhifadhi Wanyama wa Porini na Kuwahurumia: Je, Ni Jambo Moja?

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kusoma habari za mbegu, mbolea, kupe na bei ya maziwa. Mwezi huu naomba nafasi niseme juu ya wanyama wasio na mwenyewe: simba, fisi, tembo, tai, na wale swala wadogo wanaopita mashambani mwetu usiku. Najua wako watakaosema, "Hayo si mambo ya mkulima, hayo ni ya watalii na askari wa KWS." Sivyo. Mkulima na mfugaji ndio wanaolala jirani na wanyama hao, na mara nyingi mkono wetu ndio unaokata shauri kama mnyama ataishi au atakufa, na kama ni kufa, atakufa kwa namna gani.

Maneno hayo ya mwisho, "kwa namna gani", ndiyo ninayotaka tuyafikiri pamoja.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuhifadhi wanyama, maana yake kuangalia ya kuwa aina fulani ya mnyama haitoweki katika nchi. Mtu wa kazi hii huhesabu. Huuliza: vifaru ni wangapi, simba ni wangapi, je, wanaongezeka au wanapungua? La pili ni kumhurumia mnyama, yaani kumtazama huyu mmoja aliye mbele yako. Je, ana kiu? Ana kidonda? Anaumia bila sababu? Mfugaji atafahamu tofauti hiyo upesi kuliko mtu wa mjini, kwa kuwa yeye huyafanya yote mawili kila siku. Akimwuza fahali mzee ili malisho yawatoshe waliobaki, hapo anafikiri habari za kundi. Akikesha zizini na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, hapo anafikiri habari za ng'ombe mmoja. Hata serikali yetu imeyaandika katika vitabu viwili mbalimbali: kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kuna Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013.

Wako wanaosema ya kuwa mambo haya mawili ni maadui, na ya kuwa anayemhurumia mnyama mmoja hawezi kulinda aina nzima. Ni kweli kwamba yaweza kugombana. Ndugu zetu wa Pwani wanamjua kunguru wa Bara Hindi, ndege mgeni aliyeletwa kwetu, ambaye hunyakua vifaranga vya kuku uani, na hula mayai na makinda ya ndege wenyeji hata wengine wakatoweka mijini. Mwezi wa Juni mwaka 2024 KWS ilitangaza shauri la kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka huo haujaisha. Basi hapo mtu wa kuhesabu anasema, "Waue," na mtu wa huruma anasema, "Kunguru naye anasikia uchungu." Mimi nadhani wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Kunguru hana budi kupunguzwa, maana kumwacha ni kuwahukumu ndege wengine. Lakini dawa ikiwa ni ya kuua baada ya saa nyingi, si kosa kuuliza kama iko nyingine ya upesi zaidi, na kuuliza kama ndege au paka atakayemla kunguru huyo atapona.

Tazama sasa jambo jingine, lililotuumiza sote. Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000 katika miaka ya mwanzo ya 1970. Majangili waliwaua hata katika miaka ya 1980 wakabaki chini ya 400. Kwa kazi kubwa ya miaka mingi wameongezeka tena na kupita 900. Mahali pengine wakawa wengi kupita nafasi, kwa hiyo ikaonekana yafaa wengine wahamishwe. Mwaka 2018 vifaru 11 walichukuliwa kutoka Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wote 11 wakafa. Maji ya visima waliyowekewa yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyozoea. Kifaru akinywa hupata kiu zaidi, akipata kiu hunywa tena, na mwili ukakauka huku tumbo limejaa maji. Kumi walikufa kwa taabu hizo, na mmoja aliraruliwa na simba.

Nawauliza ninyi mnaofuga: ni nani kati yenu ambaye angenunua mtamba kutoka nyanda za juu, akampeleka nchi kavu, asitazame kwanza maji atakayokunywa? Kila mzee ajua ya kuwa mnyama mgeni huangaliwa kinywani na nyuma, kama anakula, kama anakunywa, na kama kinyesi chake ni cha kawaida. Kazi ile ilikuwa ya kuhifadhi, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Kilichokosekana ni jicho la kumtazama mmoja mmoja. Ndiyo sababu sikubali wanaponiambia ya kuwa huruma ni anasa tu, au ni mambo ya Wazungu na mbwa wao. Huruma ile ingekuwapo siku ile, hesabu isingepungua kwa 11.

Kuhamisha kwenyewe si kubaya. Mwaka 2024 tembo 50 walihamishwa kutoka hifadhi ya Mwea, ambamo walikuwamo 156 katika mahali panapofaa tembo 50 hivi, wakapelekwa Aberdare. Wakulima wanaopakana na hifadhi ile wajua walivyokuwa wakilala macho.

Watu wengine huwacheka wanaolea ndama wa tembo kwa chupa pale Nairobi, katika nyumba ya yatima iliyoanzishwa na marehemu Bibi Daphne Sheldrick. Husema, "Maziwa yote hayo kwa ndama mmoja! Fedha hiyo ingenunua askari wangapi?" Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini sikilizeni. Bibi huyo alihangaika miaka mingi kabla ya kugundua ya kuwa ndama wa tembo hawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe, ya kuwa yanamwua, na ya kuwa mafuta ya nazi yanamfaa. Leo yatima waliokua wamerudi porini Tsavo, na majike kati yao wamezaa porini. Kilichoanza kwa kumhurumia mmoja kimeongeza hesabu. Tena watu hao hao, pamoja na KWS, ndio wanaotembeza vikosi vya kung'oa mitego na madaktari wa kutibu wanyama waliojeruhiwa.

Lakini hayo ni mambo ya wakuu. Tuje kwetu, bomani.

Usiku simba anaingia, anaua ng'ombe wawili. Asubuhi mwenyewe anasimama mbele ya mzoga. Ng'ombe yule alikuwa karo ya mtoto ya mwaka mzima. Hasira yake ni ya haki, wala mimi simcheki mtu huyo. Ndipo anakumbuka kopo la dawa ya wadudu lililo ghalani, anainyunyizia nyama, anaondoka. Anasema moyoni, "Simba atarudi kumalizia chakula chake, naye atakiona."

Basi ni nani atakayekiona? Simba huenda atarudi. Lakini kabla yake atakuja fisi, atakuja mbweha, atakuja mbwa wa jirani yako, na kukipambazuka watashuka tai wala mizoga, ambao wengine huwaita tumbusi. Dawa hizo zilitengenezwa kuua mdudu kwa kushika mishipa yake ya fahamu, na ndivyo zinavyomfanya mnyama mkubwa. Hutoka povu, hutetemeka, miguu hukakamaa, kisha pumzi humkwama. Mwezi wa Desemba mwaka 2015 huko Masai Mara watu walitia sumu kwenye mzoga wa ng'ombe, na simba wa kundi mashuhuri lililokuwa likitazamwa na watalii wa dunia nzima wakaonekana wakigaagaa namna hiyo. Wengine wakafa, na tai wakafa pamoja nao. Tai hawakuwa wamekula ng'ombe wa mtu aliye hai hata mmoja.

Nataka nikae kidogo juu ya tai, kwa sababu hana mtetezi. Sura yake mbaya, shingo yake tupu, na kazi yake yatuchefua. Tai hutafuta chakula kwa kutazamana: mmoja akishuka, wa mbali humwona naye hushuka, hata mzoga mmoja ukakusanya tai makumi na makumi. Kwa hiyo sumu ya mtu mmoja, asubuhi moja, yaweza kuwamaliza tai wa nchi kubwa kuliko tarafa yake. Na tai si kuku. Wengi wao hutaga yai moja tu, na kinda hulishwa na baba na mama kwa miezi. Mzazi mmoja akianguka bomani kwako, kuna kinda kiotani ambalo litangoja chakula hata life. Hapa mtu wa kuhesabu na mtu wa huruma hawana la kugombania. Sumu ni ovu kwa hesabu, ni ovu kwa huruma, na nitaonyesha ya kuwa ni ovu kwa mfuko wako pia.

Huko India watu walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa, tena kwa njia ya ajabu, maana lilianza kwa wema. Wahindu wengi hawachinji ng'ombe. Ng'ombe mzee mwenye maumivu walimdunga dawa ya kutuliza uchungu iitwayo diklofenaki, na alipokufa wakamwacha kwa tai, kama desturi yao ilivyokuwa. Dawa ile ilibaki ndani ya nyama. Tai waliokula waliharibika figo wakafa kwa siku chache. Kuanzia miaka ya 1990 aina tatu za tai zilipungua hata katika kila mia wakabaki wachache mno, na aliyekuwa akiona maelfu jalalani hakuona hata mmoja. Mizoga ikaoza. Mbwa wa mitaani wakashiba wakaongezeka, nao mbwa wengi maana yake ni hatari kubwa zaidi ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza sababu, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaikataza dawa hiyo kwa mifugo. Badala yake ikatumiwa nyingine, meloksikamu, ambayo humtuliza ng'ombe na haimdhuru tai.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, yaonyesha ya kuwa huruma kwa mmoja bila kufikiri wengi yaweza kuua kupita bunduki. Pili, yaonyesha ya kuwa jawabu halikuwa kuacha huruma. Hakuna aliyesema ng'ombe aachwe aumwe ili tai waishi. Walitafuta dawa nyingine, wakaipata. Kwa hiyo nawe ukiitiwa daktari wa mifugo, mwulize anachodunga ni nini, na mnyama aliyekufa chini ya matibabu usimtupe porini. Mzike shimo refu au umchome.

Hapa kwetu faida ya tai ni hiyo hiyo. Tumbo lake lina asidi kali, naye hula mzoga ambao ungemwua mnyama mwingine, akausafisha kabla haujaoza. Ninyi mnaokaa penye kimeta mwajua thamani ya mzoga kuondolewa upesi, ingawa mzoga wa kimeta wenyewe haupasuliwi wala kuguswa, huitiwa daktari.

Wazee watasema, "Sisi hatukutumia sumu, tulitumia mkuki." Ni kweli. Mwezi wa Mei mwaka 2023, karibu na Amboseli, simba mzee aitwaye Loonkiito, mwenye umri wa miaka 19, aliuawa kwa mkuki alipoingia bomani. Katika juma hilo hilo simba sita wengine waliuawa huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Kumwua simba hivyo sheria haikubali, wala mimi siitetei. Nasema tu ya kuwa mwenye mkuki humwona anayemwua. Mwenye sumu haoni, wala hachagui, naye yuko nyumbani anakunywa chai wakati kazi yake inaendelea.

Mtego wa waya nitausema kwa maneno machache, kwa sababu sioni cha kuutetea. Aliyetiwa sumu simba alikuwa amepotewa na mali. Mwenye mtego hajapotewa na kitu. Anataka nyama ya kuuza. Waya haujui swala wala ndama wako. Humkamata twiga mguu, humkata tembo mkonga, na mnyama hukaa siku tatu, siku nne, waya ukiingia mpaka mfupa. Mara nyingi mwenyewe hata harudi kuitazama, akaoza bure. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akichinja mbuzi wake siku ya sikukuu, hunoa kisu kwanza. Waislamu wamefundishwa hivyo katika dini yao, na wasio Waislamu wengi wameona ni uungwana. Sasa swala amekosa nini hata asistahili kisu kikali?

Basi mfugaji afanyeje? Kumwambia tu "usitie sumu" bila kumwambia la kufanya ni kumwonea. Wengi tulio karibu na mbuga tumeona ya kuwa simba haingii kwa urahisi penye boma imara. Miiba peke yake haitoshi; waya wa nyavu uliofungwa kwenye nguzo madhubuti, na mlango usio na mwanya, huzuia sana. Kijana Richard Turere wa Kitengela, alipokuwa bado mtoto wa shule, aligundua ya kuwa simba huogopa mwanga unaotembea, akafunga taa ndogo za kumweka-mweka kuzunguka boma la baba yake, akitumia betri na nguvu za jua. Habari yake ilifika dunia nzima mwaka 2013, na taa za namna hiyo zimeenea maboma mengi. Huko Sagalla, Taita Taveta, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwa waya kuzunguka mashamba. Tembo akisukuma waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na tembo huwaogopa nyuki sana. Mwenye shamba huvuna mahindi na asali. Mwaka wa ukame nyuki huhama, kwa hiyo usidhani ni dawa ya kila kitu. Lakini tazama ya kuwa katika njia zote hizi tembo aondoka mzima na simba aondoka na njaa tu.

Njia hizo zina gharama, na hapa nina neno kwa serikali. Hili ni gazeti la serikali, na Mhariri ana kalamu nyekundu, lakini natumaini ataliacha. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama wa porini, na ikaagiza ya kuwa mifugo na mazao yaliyoharibiwa na wanyama waliotajwa yalipwe kwa bei ya soko. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini madai mengi yamekaa miaka kabla ya kulipwa, na mwenye ng'ombe aliyengoja fidia ya ng'ombe wa kwanza miaka mitatu hataingojea ya ng'ombe wa pili. Atakwenda ghalani kuchukua kopo. Mwasema mnataka simba waongezeke. Haya, basi, lipeni upesi. Shilingi inayofika kabla hasira haijapoa huokoa tai wengi kuliko semina ya siku tano hotelini.

Nanyi wenye madai, msiipe kamati sababu ya kuwakatalia. Mnyama akiua ng'ombe wako, usiuhamishe mzoga wala usiukate nyama kabla haujaonekana. Mwite askari wa KWS, mjulishe chifu na ofisa wa mifugo siku hiyo hiyo, na uandike saa na mahali. Ukiwa na simu, piga picha za majeraha, kisha za nyayo pamoja na kiatu chako kando yake ili ukubwa uonekane. Ukikuta mzoga wenye inzi waliokufa juu yake, au ndege wamelala kandokando, fahamu ya kuwa una sumu. Usiuguse kwa mkono mtupu, fungia mbwa, zuia watoto na mifugo, na mtu mmoja abaki hapo awafukuze tai hata askari wafike wauchome. Akiondoka kwenda kunywa uji, amwache mwingine mahali pake.